Oldeani: Kahawa ya Walowezi, Mikono ya Wairaqw

Ukitoka Karatu mjini kuelekea lango la Ngorongoro, wakati magari ya watalii yanazidi kukaza mwendo juu ya lami, iko njia inayochepuka kushoto. Ni njia ya udongo mwekundu, vumbi kiangazi na utelezi masika. Inapanda taratibu kati ya mistari ya mibuni iliyofunikwa na kivuli cha migrivea, na mbele yake umesimama Mlima Oldeani, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Jina hilo ni la Kimaasai, nalo linatokana na mianzi, kwa maana msitu wa mianzi umeuvika mlima huo ubavuni. Hapa chini yake, kuanzia miaka ya 1920, Wajerumani walijijengea makazi yao: mashamba, nyumba za mawe na shule ya watoto wao, mbali sana na nchi waliyoiita kwao.

Historia ya mahali hapa huanzwa mara nyingi na walowezi hao, kana kwamba walikuta nyika isiyo na mwenyewe. Sivyo. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria aliyekuwa akiongoza msafara wa kamati ya Kijerumani, aliingia katika kreta ya Ngorongoro, akiwa Mzungu wa kwanza anayejulikana kufanya hivyo. Aliwakuta Wamaasai katika siku zao mbaya kuliko zote. Sotoka ilikuwa imeyafyeka makundi ya ng'ombe, na watu waliozoea maziwa na nyama walikuwa wamebaki mifupa mitupu, wakiomba chakula kambini kwa wageni. Nyuma ya sotoka ikaja ndui. Miaka hiyo ndiyo iliyoyafanya malisho ya nyanda za Karatu yaonekane matupu machoni pa waliofika baadaye. Utupu huo ulikuwa jeraha.

Wairaqw nao walikuwa wakiishi kusini, katika vilima vya Mbulu, wamebanana katika nchi yao ya asili. Kwa kuhofia uvamizi, walikuwa wamebuni nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, paa lake likawa sawasawa na majani ya malisho. Mpita njia angeweza kulikanyaga asijue chini yake kuna familia na ng'ombe wamelala. Nguvu ya Wamaasai ilipopungua, Wairaqw walianza kusogea kaskazini kidogo kidogo, hadi Karatu na Mbulumbulu. Kwa hiyo karne ya 20 ilipoanza, nyanda hizi zilikuwa na wanaozifuata kutoka pande mbili: mkulima na mfugaji wa Kiiraqw kutoka kusini, na Mjerumani kutoka ng'ambo ya bahari.

Wajerumani wa kwanza kujenga makazi eneo hili walilenga mbali zaidi ya Karatu. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Adolf Siedentopf na ndugu yake Friedrich Wilhelm walikuwa wafugaji ndani ya kreta yenyewe. Adolf alikaa upande wa kaskazini, karibu na kijito cha Munge, na mabaki ya nyumba yake yapo hadi leo. Ng'ombe wake waligombea majani na nyumbu, akajaribu kuwafukuza nyumbu hao watoke kreta. Hakufaulu. Anayesimama leo ukingoni akatazama chini, mita 600 hivi, na kuona makundi yametapakaa, ana haki ya kushukuru kwamba jaribio lile lilishindwa.

Katika miaka hiyohiyo wasomi nao walikuwa njiani. Mwaka 1911 daktari Wilhelm Kattwinkel alifika katika korongo ambalo Wamaasai hulitaja kwa jina la mkonge-pori unaoota humo, oldupai. Masikio ya wageni yakasikia Olduvai. Mwaka 1913 mwanajiolojia Hans Reck aliongoza msafara wa kuchimba hapo, na fuvu la mifupa ya binadamu aliyoifukua likasafirishwa Ujerumani. Kazi ambayo baadaye iliwapa umaarufu wanaakiolojia Louis na Mary Leakey ilianzia hapo, na mwaka 1931 Reck mwenyewe alirudi korongoni pamoja na Louis.

Vita ikaisha, Ujerumani ikanyang'anywa koloni, raia wake wakafukuzwa na mali zao zikachukuliwa. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Lakini mwaka 1925 mlango ulifunguliwa tena, Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na ndipo Oldeani ilipopata kuwa. Mashamba yalikatwa kando ya msitu. Udongo wa volkano ulikuwa mzito wa rutuba, vijito vilishuka kutoka mlimani, na baridi ya mwinuko iliifaa kahawa ya arabika. Nyumba moja iliyojengwa mwaka 1929 bado imesimama katika shamba linalofahamika sasa kama Gibb's Farm.

Tarehe hiyo si ya kupita haraka. Mbuni hauzai siku unapopandwa. Mwenye shamba hungoja miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna cha maana. Aliyepanda mwaka 1929 alivuna wakati bei ya kahawa duniani imeporomoka. Walowezi wengi wa miaka ya 1930 waliishi kwa mikopo, huku Chama cha Nazi kikijitafutia wafuasi miongoni mwa Wajerumani wa Tanganyika, walioikaribia idadi ya 3,000. Katika makazi madogo kama haya, ambako jirani alikuwa karibu na polisi alikuwa mbali, siasa za Berlin ziliingia hadi mezani.

Na nani alipanda mibuni hiyo? Nani alichimba mifereji, akachuma, akabeba? Hapa ndipo kumbukumbu za kimaandishi zinapokuwa bahili. Mlowezi ameacha hati, picha na kaburi lenye jina. Kibarua aliacha kipande: kadi ya kazi yenye vyumba 30, kila siku aliyofanya kazi chumba kimoja kikatiwa alama, na ujira ukalipwa kadi ilipojaa. Siku aliyougua haikuhesabiwa. Kahawa ya Oldeani iliota juu ya kadi hizo, na historia yoyote ya mahali hapa isiyoanza kwa kumhesabu mwenye kipande imekata mti katikati.

Septemba 1939 vita ikazuka tena, na Oldeani ya Wajerumani ikaisha ghafla kuliko ilivyoanza. Wanaume walikamatwa, wengine baadaye wakapelekwa kambi za Afrika Kusini. Mashamba yakawekwa mikononi mwa mtunza mali za adui. Baada ya vita yaligawiwa wamiliki wapya, wengi wao Waingereza. Mmoja alikuwa James Gibb, askari wa zamani, aliyechukua shamba la ile nyumba ya 1929 katika mwaka 1948. Mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret walianza kupokea wageni wa kulala, biashara ambayo leo imeifanya Karatu nzima kuwa mji wa hoteli na kambi.

Ukuta wa msitu juu ya mashamba ulipata mlinzi mwaka 1959, Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipotengwa na Serengeti, kilomita za mraba 8,292, kwa wazo lililokuwa geni wakati huo: wanyama na wafugaji waishi pamoja. Wazo hilo limejaribiwa na linaendelea kujaribiwa, na maumivu yake Wamaasai wanayajua. Mwaka 1974 waliokaa ndani ya kreta waliondolewa, na tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Januari ya mwaka huohuo wa 1959 kijana wa Kijerumani, Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani na baba yake Bernhard kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, alianguka akafa akiwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alifariki 1987, na majivu yake yakaletwa kulala hapohapo chini ya rundo lilelile la mawe.

Katika urithi wote huo wa Kijerumani, ulioenea kuliko mwingine hauhitaji kupanda mlima kuutafuta. Mtoto wa Karatu akiaga asubuhi kwamba anakwenda shule, ametamka Kijerumani. Mama akilalamika kwamba hana hela, ameitaja sarafu ya heller iliyotumika katika koloni lile.

Mlimani, kazi inaendelea. Tembo hushuka usiku kutoka msituni, na juu ya mashamba yako mapango ambayo wameyachimba kwa pembe zao wakitafuta udongo wenye madini. Maji yanayozama katika msitu huohuo huibukia chini kabisa kwenye chemchemi za Qangdend, yakamwagilia vitunguu vya Mang'ola kando ya Ziwa Eyasi. Buni nyekundu huchumwa moja moja, zikamenywa, zikachachushwa, zikaoshwa na kuanikwa vichanjani, ambako mikono huzigeuza na kuondoa mbovu tangu asubuhi. Kisha magunia hupakiwa kwenda mnadani, na sehemu yake huvuka bahari hadi Ujerumani, mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania.