Taruma

Katika istilahi za ujenzi wa vyombo vya bahari, taruma ni mti uliopinda unaowekwa ndani ya jahazi ili kushikilia mbao za ubavuni na kukipa chombo umbo lake. Neno hilo lafaa pia kwa ndege zinazouzwa zikiwa vipande, kama zile za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ambazo mnunuzi huweza kuziunda katika karakana ya nyumbani. Ndani ya bawa la ndege kama hiyo hupita boriti kuu, inayostahimili nguvu za kulipinda bawa angani, na mataruma ya alumini hukingamana nayo, yakilipa bati la nje mbinuko unaosaidia kuiinua ndege, kisha bati hilo hufungwa kwa ribiti, yaani pini fupi zinazopondwa ncha ili zisichomoke. Ingawa mtu aweza kusema "ubavu" badala ya taruma, neno hilo humaanisha pia upande wa kitu. Taruma halina utata huo, kwa hiyo lastahili kupewa maana hii mpya katika kamusi za ufundi.