Thamani ya Ubavu: Kanuni za Nafasi ya Mpiganaji katika Michezo ya Vita ya Mezani

Askari hapigani kwa silaha yake peke yake. Hupigana pia kwa mahali aliposimama. Anayeshambuliwa ubavuni au mgongoni huwa amekwisha kupungukiwa kabla pigo halijamfikia. Michezo ya vita ya mezani, tangu ilipoanza kuandikiwa kanuni, imelazimika kujibu swali lililo gumu kuliko linavyoonekana: mahali pazuri pana thamani gani, na anayepataka alipe nini? Makala haya yanafuata historia ya swali hilo, kutoka Prusia ya karne ya 19 hadi michezo ya njozi iliyozaliwa Marekani. Yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni ya nafasi husimama imara pale tu faida yake inapofungamana na gharama.

Mwaka 1824 luteni wa Prusia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa kitabu cha kanuni za mchezo ulioitwa Kriegsspiel. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000, kila zamu ikihesabiwa kuwa dakika mbili, nayo hasara ikiamuliwa kwa dadu na majedwali. Karl von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, aliupendekeza mchezo huo kwa maafisa. Hata hivyo majedwali yaliwachosha wengi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kwamba mwamuzi mwenye uzoefu akate shauri kwa akili yake badala ya kufungwa na jedwali. Tangu hapo zikawapo njia mbili: ile ya kanuni iliyoandikwa, na ile ya hukumu ya mwamuzi. Michezo ya baadaye ilirithi zote mbili, pamoja na mvutano wake.

Urithi huo ulifika katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, ambako Gary Gygax na Jeff Perren walitoa mwaka 1971 kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail. Dave Arneson wa Minnesota alizichukua, akazigeuza kwa mahitaji ya meza yake, na katika kushirikiana kwake na Gygax ukatoka mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, naye msimamizi huigiza maadui na ulimwengu wote uliobaki. Inafaa kukumbuka kwamba mchezo wenyewe ulitokana na kanuni za nyumbani, yaani zile ambazo wachezaji wa meza moja hujitungia. Kwa hiyo desturi ya kurekebisha kanuni ni asili yake, wala si uasi.

Kuhusu nafasi, kitabu cha msimamizi cha mwaka 1979 kilimpa anayeshambulia kwa nyuma nyongeza ya 2 katika dadu yenye nyuso 20, kikaondoa kinga ya ngao ya anayeshambuliwa, na kikampa adui pigo la bure dhidi ya anayeukimbia mpambano. Toleo la mwaka 2000 liliacha kuuliza mpiganaji anaelekea wapi. Badala yake lilisema kwamba marafiki wawili wanaosimama pande mbili zinazokabiliana za adui mmoja wamemzingira, nao hupata nyongeza ya 2 kila mmoja. Lakini toleo hilo halikutoa zawadi hiyo bila kudai malipo. Anayetembea ndani ya eneo ambalo adui anaweza kulifikia kwa silaha alijihatarisha kwa pigo la papo hapo, ambalo linaweza kuitwa pigo la fursa. Hatua moja ya futi 5, isiyofuatana na mwendo mwingine, ilisamehewa. Kumzunguka adui kulikuwa na bei.

Mwaka 2014 mizani hiyo ilibadilika pande zote mbili kwa pamoja. Katika toleo la mwaka huo pigo la fursa humpata yule tu anayetoka nje ya upeo wa silaha ya adui; anayemzunguka pasipo kuutoka upeo huo hadhuriwi. Wakati huohuo kitabu cha msimamizi kilileta kuzingira kama kanuni ya hiari, na zawadi yake haikuwa tena nyongeza ya 2, bali kutupa dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa. Tofauti yake hupimika. Mshambuliaji anayehitaji 11 au zaidi ana nafasi 50 katika 100. Nyongeza ya 2 humfikisha 60. Dadu ya pili humfikisha 75. Basi faida ilipanda na gharama ikashuka.

Matokeo yake hayakukawia kuonekana mezani. Kwanza, kila mpambano ulielekea kufanana na mwingine: rafiki, adui, rafiki, adui, wote katika mstari mmoja. Pili, dadu ya pili hairundikwi. Mwenye sababu mbili za kuipata hutupa mara mbili tu, sawa na mwenye sababu moja. Hivyo uwezo mwingine uliopatikana kwa jasho ulipoteza maana. Mfano ulio wazi ni wa barbari, mpiganaji wa ghadhabu, anayeweza kushambulia bila kujihadhari: hupata dadu ya pili, lakini maadui nao huipata dhidi yake hadi zamu yake ifuatayo. Yeye hununua kwa damu kile ambacho jirani yake amekiokota kwa kusogea miraba michache. Tatu, kanuni ile hutumika pia kwa maadui. Kundi la viumbe wanyonge humzingira shujaa kwa urahisi, ilhali joka lililo peke yake halina wa kuzingira naye. Wanyonge wengi wakapata nguvu, na mkubwa mpweke akadhoofika.

Tiba zilizotungwa na wachezaji ni za aina mbili. Aina ya kwanza hupunguza faida: dadu ya pili huondolewa na nyongeza ya 2 kurudishwa. Nyongeza hiyo haiui uwezo wa barbari, kwa maana hujumlishwa na dadu yake. Aina ya pili hurudisha gharama: anayemzunguka adui hupigwa pigo la fursa hata kama hakuutoka upeo wake. Kila moja yaweza kutosha. Zikitumiwa zote mbili bila kupima, kuzingira huwa ghali kuliko thamani yake, na wapiganaji husimama kama miti, kila mmoja akipiga kutoka pale alipofikia.

Linabaki suala la mamlaka, lile lile lililowagawa Reisswitz na Verdy. Msimamizi anayebadili kanuni katikati ya mpambano anatumia uhuru wa mwamuzi wa mwaka 1876, lakini hayuko katika hali ya mwamuzi yule, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye anayewaendesha maadui. Mchezaji ambaye mhusika wake, aliyemlea kwa miezi mingi, ameuawa kwa kanuni iliyozaliwa dakika hiyo hatajali hesabu zilizo nyuma yake. Ataona amehukumiwa na mpinzani. Ndiyo sababu kanuni ya nyumbani hutangazwa kabla dadu haijatupwa, hutumika kwa pande zote mbili, na huweza kufutwa kwa shauri la meza nzima. Hesabu hupatanisha faida na gharama, na tangazo la mapema huwapatanisha waliokizunguka chombo cha dadu.