Stensili Isiyo na Tundu

Ulizia stensili katika duka la vifaa vya ofisi kule River Road, na muuzaji hatasita. Atakutolea rula ya plastiki iliyokatwa herufi A hadi Z, kisha akuulize, "Hii ama ile kubwa, boss?" Kwake yeye hilo ndilo jibu. Ila kama wewe ni kijana unayejifunza kuchora tatuu, na fundi wako amekutuma kutoka kibanda cha egzibisheni pale Moi Avenue, umepewa kitu kisichokufaa hata chembe. Duka la pili watakupa kabonipepa ya buluu, ile ya vitabu vya risiti. Nayo siyo.

Jina ndilo linalopoteza watu. Stensili kwa maana yake ya asili ni bapa lenye matundu: rangi hupita palipo wazi, huzuiwa palipozibwa. Ndiyo hutumika kuandikia nambari ya njia ubavuni mwa matatu, na onyo la "Ploti hii haiuzwi" ukutani. Ndizo zile stika za plastiki ambazo msichana hubandika mkononi ili apakwe hina bila kumsubiri mchoraji hodari. Hata karatasi ya nta ya mashine ya kurudufu ya Gestetner, waliyoijua walimu wetu kabla fotokopi hazijaenea, ilikuwa stensili halali: utepe wa taipureta uliwekwa kando, herufi za chuma zikaichana nta, na wino ukapenya kwenye michano hiyo hadi kwenye karatasi ya mtihani.

Ile ya tatuu haina tundu lolote. Ni fungu la karatasi nne zilizoshikanishwa kwenye ukingo mmoja. Juu kuna nyeupe. Chini yake nyembamba sana, ya kinga tu. Ya tatu ni kaboni ya zambarau. Ya mwisho, ya njano, ni ya kuzibeba nyingine. Fundi huichomoa ile ya kinga, hulaza picha juu ya nyeupe, kisha hupita mistari kwa kalamu ya Bic huku akikandamiza. Zambarau hunata mgongoni mwa karatasi nyeupe, mchoro ukiwa umegeuka kushoto-kulia. Ngozi hunyolewa, husafishwa, hupakwa jeli ya kuhamishia, kidogo tu, maana ikizidi mistari huvuja. Mgongo ule hubandikwa, kiganja hutulizwa juu yake, kisha karatasi hubanduliwa polepole kuanzia pembeni. Mchoro umebaki mkononi na umegeuka mara ya pili, kwa hiyo unasomeka sawasawa. Uachwe ukauke dakika kumi hadi kumi na tano. Mwenye haraka atauona ukifutika kwenye mpanguso wa kwanza.

Karatasi hii haikubuniwa kwa ajili ya ngozi. Mjerumani Wilhelm Ritzerfeld alibuni mwaka 1923 mashine ya kurudufu kwa spiriti, na karatasi ya aina hii ndiyo iliyoilisha. Kaboni yake ni nta iliyokolezwa rangi ya anilini, nayo rangi hiyo huyeyuka kwenye alikoholi. Karatasi tupu ililoweshwa spiriti, spiriti ikalegeza rangi kidogo kutoka kwenye mchoro mama, nakala ikatoka. Ndipo palipotoka jina "karatasi ya spiriti". Kabonipepa ya risiti imetengenezwa ihamishwe kwa kukandamizwa, haikutengenezwa ilegezwe na umajimaji, na wala haikukusudiwa kugusa ngozi inayotobolewa. Zambarau ya spiriti, kwa upande wake, ni ya ukoo mmoja na GV, dawa ambayo kina mama wa Kawangware na Kangemi wamewapaka watoto wenye utando mweupe mdomoni. Aliyewahi kumwagikiwa GV kwenye shati jeupe hahitaji kuelezwa jinsi rangi hii inavyong'ang'ania.

Kwa nini basi kitu kisicho na tundu kiitwe stensili? Mafundi wa zamani walitumia bapa la seluloidi lililochorwa mifereji. Unga wa mkaa ulijazwa kwenye mifereji hiyo, bapa likakandamizwa kwenye ngozi iliyopakwa vaselini. Bapa likapotea, jina likabaki. Na kuna undugu wa karibu zaidi, ambao mimi hunichekesha kila nikiukumbuka. Mwaka 1876 Thomas Edison alipewa hataza ya kalamu ya umeme. Kalamu hiyo ilikuwa na sindano iliyopanda na kushuka kwa kasi, na kazi yake ilikuwa kutoboa karatasi ili iwe stensili ya kurudufia barua. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya tatuu ya umeme iliyofuata wazo hilohilo. Kwa maneno mengine, mashine inayonguruma leo katika vibanda vya Moi Avenue ni kizazi cha mashine ya kutengenezea stensili. Tulianza kwa kutoboa karatasi, tukaishia kutoboa watu.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Neno stensili limeshakaa vinywani mwa mafundi na sioni faida ya kuling'oa. Lakini anayeandika mwongozo au kufundisha anahitaji kupambanua. Ule mchoro wa zambarau unaosubiri sindano napendelea kuuita kiolezo, kutoka kuoleza: kitu ambacho umbo lake hufuatishwa. Neno hili halijali kama kuna tundu au hakuna, na watafsiri wa programu za kompyuta wamekwisha kulizoea. Karatasi yenyewe iwe kaboni ya spiriti. Stensili libaki kwa yale mabapa ya matundu. Wapo watakaotaka ruwaza, lakini hilo nawaachia wanahisabati. Nembo nalo lingependeza, maana zamani lilikuwa jina la chale za mwilini kabla ya serikali na makampuni kulichukua, na Wamakonde bado huita chale zao dinembo. Ila nembo ni alama iliyokwisha kuingia. Kiolezo huoshwa kikaondoka.

Anayeanza hahitaji mashine ya kutengenezea kiolezo, na atakayemwambia vinginevyo huenda anauza mashine. Pakiti ya kaboni ya spiriti, kalamu, karatasi ya kunakilia ambayo wanafunzi wa usanifu majengo hununua, na kipande cha kioo juu ya taa ya LED ya Luthuli Avenue: hiyo ni karakana kamili. Kaboni ikatwe kwa ukubwa wa mchoro, na sehemu ambayo kalamu haijaipitia itunzwe, bado ni nzima. Mkono pia una akili ambayo mashine haina: huchagua mstari upi ubaki.

Njia ya pili ni mashine ya joto: huisoma picha, kisha safu ya vidoa vya moto huyeyusha nta ya kaboni ikanata kwenye karatasi nyeupe. Ni jamaa ya faksi, na bei yake hupita shilingi elfu kumi bila shida. Kwa studio ya Westlands au Ngong Road yenye wateja wa foleni, inalipa. Kwa mwenye kibanda, la. Ukiilisha picha ya simu yenye vivuli, itakupa doa moja kubwa la zambarau. Printa ndogo za bluetooth zisizotumia wino, kama za Phomemo, huwa nafuu zaidi. Hakikisha unayonunua inapokea upana wa A4 na kwamba inakubali kumeza kaboni.

Jambo moja la usafi nalisema kwa ukali. Wengi hutumia diodoranti ya mche badala ya jeli, na inafanya kazi. Lakini mche mmoja usipitishwe kwenye ngozi za watu wawili, hasa ngozi iliyotoka kunyolewa. Kipande kikatwe kwa kijiti safi, kitumike, kitupwe.

Njia ya tatu ni printa ya tangi, kama Epson EcoTank zilizojaa kwenye saiba zetu, iliyojazwa wino wa stensili tangu ikiwa mpya na isiyochapa kitu kingine. Ni rahisi kwa kila karatasi, ila ina mtego. Wino huangukia upande uleule utakaogusa ngozi, kwa hiyo mchoro hugeuka mara moja tu. Usipougeuza kwanza kwenye kompyuta, jina litasomeka kinyume. Lililo hatari kuliko yote ni MAMA kwa herufi kubwa. Kila herufi ikigeuzwa inabaki vilevile, jicho halishtuki, na mteja anapanda matatu ya Kawangware akiwa na AMAM kifuani.