Mfalme Ndani ya Zege

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Lebanon mwaka 1975, Makumbusho ya Taifa ya Beirut yalikuwa yamekaa pabaya mno. Mstari wa Kijani, uliougawa mji mashariki na magharibi, ulipita mlangoni pake. Wapiganaji waliligeuza jengo kuwa ngome, na kivuko cha hapo, Mathaf, kikawa mahali pa kuogopwa.

Mkurugenzi wa mambo ya kale, Maurice Chehab, hakuwa na jeshi wala pa kuhamishia shehena ya mawe. Vitu vidogo, kama vito, vyungu na sanamu za shaba, vilitolewa kwenye makabati ya kioo vikashushwa kwenye maghala ya chini, kisha milango ikazibwa kwa ukuta. Mozaiki za sakafuni zilitandikwa plastiki, juu yake likamwagwa zege.

Vilibaki vitu vizito. Mwanzoni vilikingwa kwa mifuko ya mchanga. Mwaka 1982, hali ilipozidi kuwa mbaya, sanamu kubwa na majeneza ya mawe yalijengewa maboksi ya mbao na zege pale pale yaliposimama. Humo mlikuwamo jeneza la Ahiram, mfalme wa Byblos, lililofukuliwa mwaka 1923, ambalo maandishi yake ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa alfabeti ya Kifoinike. Kumwaga zege kando ya hazina kama hiyo ni jambo la kumtia kiwewe mhifadhi yeyote. Lakini Chehab alipima sawasawa: jengo hujengwa upya, jeneza la Ahiram halina la pili.

Si kila kitu kilipona. Mdunguaji alitoboa tundu katika mozaiki moja ya ukutani ili apate pa kulengea bunduki. Makombora yaliwasha moto katika ofisi za jirani, nyaraka, ramani na picha zikateketea. Hasara hiyo haitajwi sana, ingawa kitu cha kale kisicho na kumbukumbu ya kilikotoka hupoteza nusu ya maana yake. Chini, maji yaliingia maghalani na unyevu ukala chuma na shaba kwa miaka.

Vita vilikwisha mwaka 1990. Kuta za maghala na maboksi ya zege vilivunjwa miaka ya katikati ya tisini, baada ya jengo kupata milango na madirisha mapya, na kamera zilirekodi msumeno ukipasua zege mpaka nyuso za mawe zikaonekana. Chehab alifariki mwaka 1994. Kumbi za juu zilifunguliwa kwa umma kabla ya karne kwisha. Ghorofa ya chini, iliyoumia zaidi kwa maji, ilisubiri hadi mwaka 2016.