Mstari Penye Kona

Sisi tuliopata kupanda lori katika njia za milimani twajua jinsi moyo ushtukavyo gari likaribiapo kona. Mbele haionekani ila ukingo wa mlima; na dereva, akitaka kufupiza mzunguko, huvuta gari lake katikati ya njia. Kama yule atokaye upande wa pili naye afanya vivyo hivyo, hukutana uso kwa uso, wala hapana nafasi tena ya kukwepana.

Motokaa zilipoanza kuwa nyingi huko Marekani, barabara hazikuwa na alama katikati. Mwaka 1911 Edward Hines, mmoja wa wasimamizi wa barabara za wilaya ya Wayne, jimbo la Michigan, alitoa shauri la kupaka mstari. Husimuliwa kwamba aliona gari la maziwa likivuja, likiacha mlia mweupe nyuma yake.

Kaskazini ya jimbo lilo hilo, katika njia ya Marquette na Negaunee, palikuwa na kona ambayo watu waliiita Kona ya Maiti. Jina hilo latosha. Mwaka 1917 Kenneth Sawyer, mhandisi wa barabara za wilaya, akapaka mstari mweupe katikati yake. Haukuwa ukuta wala boma, ni rangi tu. Lakini kila dereva akaujua mpaka wake hata kabla ya kumwona mwenziwe. (Wenzetu wa Marekani hushika upande wa kuume, nasi wa Kenya na Tanzania upande wa kushoto, mstari wafaa kotekote.)

Mwaka uo huo, karibu na Indio katika jimbo la California, lori lilimjia daktari mmoja, Bibi June McCarroll, likiwa upande wake wa njia. Akageuza gari lake mchangani, akapona. Baadaye alipita mahali barabara ilipopanuliwa, akaona kiungo cha katikati kimetokeza, na magari yakishika kila moja upande wake. Akawaendea wakubwa wa wilaya; wakamsikiliza, wasitende neno. Basi akapaka mwenyewe kwa mkono mstari wa upana wa inchi 4, urefu wapata maili moja. Kisha akavishawishi vyama vya wanawake, nao wakaishikilia serikali kwa miaka, hata Novemba 1924 California ikakubali, na maili 3,500 zikapakwa.

Bibi huyo alifariki mwaka 1954. Mwaka 2002 kipande cha barabara kuu karibu na Indio kilipewa jina lake.