Mzazi, kabla hujanunua kitabu cha hadithi, msomeshe mtoto ukurasa mmoja

Ukipita barabara ya Bagamoyo kwenda Msata msimu wa mananasi, pale Kiwangwa utayakuta yamepangwa kando ya lami. Kitabu cha hadithi cha mtoto ndiyo shughuli. Wengi husubiri mpaka kuwe na safari ya Bagamoyo mjini au Dar, na anayesafiri ni mzazi peke yake, mtoto amebaki shule.

Hapo ndipo hela inapopotea. Unanunua kwa kuangalia jalada, unafika nyumbani, mtoto anasoma mistari miwili anakiweka. Hurudi Kariakoo kukibadilisha.

Kwanza tofautisha kiada na ziada. Kitabu cha kiada ni kile cha somo, kinachoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Kitabu cha ziada ni cha kumwongezea mtoto usomaji, na hadithi ziko humo. Wazazi wengi tukipata hela kidogo tunakimbilia mitihani iliyopita na majibu yake. Si vibaya kwa wa darasa la saba, lakini wa darasa la pili hawezi kupenda kusoma kwa kusomeshwa maswali ya kuchagua.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Fungua katikati ya kitabu, mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti. Kila neno linalomshinda, akunje kidole. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado kizito kwake kukisoma peke yake. Unaweza kukinunua, ila jua kwamba msomaji utakuwa wewe. Asipokunja hata kimoja, ni chepesi, na chepesi nacho kina kazi yake: kinampa raha ya kumaliza.

Sasa kama mtoto hayupo dukani? Simu unayo. Muombe muuzaji ruhusa, piga picha ukurasa mmoja, tuma WhatsApp kwa aliyebaki naye, mtoto asome huku unamsikiliza. Njia nyingine: kabla ya safari, piga picha ukurasa wa kitabu cha shule ambao anausoma bila kukwama. Dukani unalinganisha ukubwa wa herufi, idadi ya mistari na urefu wa maneno.

Urefu wa maneno usiupuuze. Kiswahili chetu kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakutusindikiza" ni neno moja, lakini lina silabi nane. Kwa hiyo kitabu chenye maneno kumi kwa ukurasa bado kinaweza kumtoa jasho mtoto anayeanza. Angalia pia silabi zenye konsonanti zilizorundikana, kama ngwa, mbwe au nywa. Mtoto wa Kiwangwa ana bahati hapo, maana akisoma jina la kata yake ubaoni ameshavuka mojawapo ya zile ngumu.

Je, kitamfurahisha? Muulize anapenda nini, usimuulize anataka kujifunza nini. Anayependa wanyama mpe kitabu cha wanyama, hata kama si hadithi. Hifadhi ya Saadani iko huku huku kwetu pwani, tembo na viboko kwake si habari za kuambiwa za nchi ya mbali. Binafsi naviogopa vile vitabu ambavyo kila hadithi inaishia na mafunzo matatu ya kukariri. Watoto wanaijua hila hiyo, wanaruka ukurasa wa mwisho. Sungura anayemdanganya fisi anamfundisha mtoto mengi bila kumhubiria.

Lugha ni kesi nyingine. Kuna kasumba kwamba kitabu cha Kiingereza kina hadhi zaidi. Mtoto anayesoma shule ya Kiswahili na bado anaunganisha silabi, ukimpa Kiingereza kitupu atakariri picha tu. Ajenge usomaji kwa lugha anayoiota, Kiingereza kifuate taratibu.

Vya Kiswahili vizuri vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza 1991 kwa sababu vilikuwa adimu, ukawa unanunua nakala kutoka kwa wachapishaji wa hapa nchini na kuzipeleka shuleni. Ukiona mchapishaji kama Mkuki na Nyota au E & D Vision, au jina la mwandishi Elieshi Lema, simama uangalie. Siku hizi hata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na TET, ina kipengele cha hadithi za watoto. Fungua ukurasa wa mwanzo uone mchapishaji na mwaka. Kisicho na jina la mtu wala mchapishaji, chenye picha zilizofifia kama fotokopi, achana nacho.

Hela haipo kabisa? African Storybook wana hadithi za bure, za Kiswahili zikiwemo, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno ya kwanza hadi hadithi ndefu. Programu yao inakuruhusu kupakua ukiwa na bando, kisha mnasoma bila intaneti. Zima data kwanza kabla hujampa simu, la sivyo dakika tano yuko kwenye katuni.

Ukipita Dar na muda unao, Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto. Nenda naye siku ya likizo, mwache achague mwenyewe, na uangalie mkono wake unaenda kwenye rafu gani. Ukija kununua, anzia na vya aina hiyo. Na kama majirani wawili watatu mna watoto wa rika moja, kila mmoja anunue kitabu tofauti, vizunguke.