Nyumba Iliyogeuka Hospitali

Somo: Marko 5:21–43

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo hufika katika nyumba nyingi zenye watoto. Mtoto ameshikwa na ugonjwa wa kuambukiza. Huenda ni surua, huenda ni tetekuwanga au kifaduro. Baba yuko kazini mbali, nyanya yuko mashambani, yaya ameogopa na kurudi kwao. Mama amebaki peke yake, mgonjwa mmoja mapajani na wengine wawili wakililia uji. Kisha jioni anasikia hodi mlangoni. Ni watu wa kanisa, wamekuja kumwona mgonjwa na kumwombea, na baadhi yao wamebeba watoto wachanga mgongoni.

Je, mama huyu afungue mlango, au aufunge? Akiufunga, wako watakaosema ana kiburi, au imani yake ni haba. Akiufungua, huenda wageni wakaondoka na ugonjwa kwenda kwa watoto wao. Tena, wote wakikaa mbali, nani atamchotea maji?

Swali hili si geni, ndugu zangu. Wakristo waliotutangulia waliulizana lilo hilo karibu miaka 500 iliyopita, na mmoja wao alilijibu huku mtoto wake mwenyewe akiwa mgonjwa kitandani. Mtu huyo ni Martin Luther. Wengi wetu twamjua kwa habari za mwaka 1517, alipopinga uuzaji wa vyeti vya msamaha. Leo hatutamfuata kwenye mabishano yake na wakuu. Tutaingia nyumbani kwake, mwaka 1527, tuone jinsi jamaa yake ilivyoishi wakati wa tauni.

Luther alikaa katika mji mdogo wa Wittenberg, kando ya mto Elbe, huko Ujerumani. Mwezi wa Juni mwaka 1525 alikuwa amemwoa Katharina von Bora, aliyekuwa zamani mtawa. Walikaa katika nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa wa Augustino, na mara nyingi ilijaa wageni na wanafunzi. Tarehe 7 Juni 1526 walipata mtoto wao wa kwanza, Hans. Mwezi wa Julai 1527 Luther mwenyewe aliugua ghafula, hata akadhani anakufa, akamuaga mkewe na mtoto. Alikuwa bado hajapata nguvu vizuri tauni ilipoingia mjini mwanzoni mwa Agosti.

Nanyi mwajua tauni ni ugonjwa wa namna gani. Homa kali humshika mtu, tezi huvimba kinenani au kwapani, na siku hizo, kabla ya dawa za leo, wengi walikufa kwa siku chache tu. Chuo kikuu kilihamishwa kwenda mji wa Jena, na walimu pamoja na wanafunzi wakafunga mizigo. Tarehe 10 Agosti mtawala wa nchi, Johann wa Saxony, alimwandikia Luther aondoke pamoja nao na kuichukua jamaa yake. Luther hakwenda. Alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa kanisa la mji, ili wawahudumie wagonjwa. Katharina naye alibaki, na wakati huo alikuwa mja mzito.

Ugonjwa haukukawia kuwafikia watu wa karibu. Mke wa meya wa mji alifariki karibu mikononi mwa Luther. Kisha mama mmoja aliyekaa nyumbani kwao, Margaretha von Mochau, akashikwa na kuwa hoi. Mwanzoni mwa Novemba Luther alimwandikia rafiki yake Nikolaus von Amsdorf kwamba nyumba yake imekwisha kuwa hospitali. Katika barua hiyohiyo alieleza kwamba Hans mdogo alikuwa na siku tatu hali chakula. Watu walisema ni meno yanaota. Lakini katika nyumba yenye tauni, ni mzazi gani angetulia kwa maneno hayo? Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Kwa zaidi ya juma moja aliishi kwa vinywaji tu.

Tafadhali mfikirie Katharina. Alibakiza kama mwezi mmoja kujifungua. Mtoto wake hali, mgeni wake yu mahututi, na mumewe moyo wake umelemewa. Ndipo, tarehe 2 Novemba, ikatokea habari ya kutisha zaidi. Hanna, mke wa shemasi Georg Rörer, ambaye pia alikuwa dada yake Bugenhagen, alikufa kwa tauni katika kujifungua, na mtoto wake naye hakuishi. Luther aliwaandikia rafiki zake waziwazi kwamba anamhofia mkewe. Hakujifanya shujaa. Aliomba waombewe.

Baada ya msiba huo Bugenhagen alihamia na jamaa yake nyumbani kwa Luther. Nyumba mbili zilizoumizwa zikawa nyumba moja. Wagonjwa walitengewa vyumba vyao, na wazima wakakaa upande mwingine. Siku zikapita, na kidogo kidogo Hans akaanza kula. Margaretha akapona. Nguruwe wao watano walikufa, lakini watu wa nyumba ile wakabaki hai. Tarehe 10 Desemba 1527 Katharina akajifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Elisabeth.

Ningependa kuishia hapo, lakini lazima tuseme kweli yote. Elisabeth alifariki tarehe 3 Agosti 1528, hajatimiza miezi minane. Wazazi waliovuka tauni kwa maombi na machozi walimzika binti yao mwaka uliofuata. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake hakupona asiambiwe na mtu yeyote kwamba imani yake ilipungua.

Basi, katika mwaka ule wa 1527, Luther alitoa kijitabu kidogo. Mchungaji mmoja wa mji wa Breslau, ambao leo uko nchi ya Poland na huitwa Wrocław, alikuwa amemwuliza zaidi ya mara moja: Je, Mkristo anaweza kukimbia tauni? Mchungaji huyo aliitwa Johann Hess. Jibu lake Luther lafaa kusikilizwa hata leo, kwa sababu aliona makosa mawili, akayakemea yote mawili.

Kosa la kwanza ni la mwenye kuogopa mno hata amwache mwenziwe. Luther hakuwakataza watu wote kuondoka. Alisema kwamba mtu asiye na wajibu mahali pale, na ambaye wagonjwa wana wengine wa kuwatunza, yuko huru kwenda zake. Lakini mchungaji ana wajibu kwa washirika wake, hakimu kwa raia wake, mzazi kwa mtoto, na mtoto kwa mzazi. Hao wasiondoke mpaka wamepata mtu wa kushika mahali pao. Akasema ni jambo jema serikali kuwa na hospitali na watumishi wa kuwatunza wagonjwa. Lakini pasipokuwa na hospitali, kila mmoja hana budi kuwa muuguzi wa jirani yake.

Kosa la pili ni la mwenye ujasiri usio na akili. Kulikuwa na watu waliodharau dawa, waliokwenda penye ugonjwa bila haja, wakijivuna kwamba Mungu atawalinda. Luther alisema huko si kuamini, ni kumjaribu Mungu. Aliwaagiza watu watumie dawa, wafukize nyumba na nyua, wasiende mahali ambapo hawahitajiwi, na aliyepona akae kando kwanza asije akawaambukiza wengine. Kwa wale waliojijua ni wagonjwa nao wakaficha na kuchanganyika na watu, alitumia maneno makali sana. Aliwaona kama wauaji.

Naye mwenyewe alisema atafanya vivyo hivyo. Atajiepusha na kila mahali asipohitajiwa. Lakini jirani akimhitaji, atakwenda bila kusitasita.

Hapa yafaa tuseme kwamba Luther hakujua tauni inatoka wapi. Kama watu wa wakati wake, alidhani ni hewa mbaya na kazi ya pepo wachafu. Ilipita miaka mingi kabla ya ukweli kujulikana. Mwaka 1894 Alexandre Yersin aligundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong. Mwaka 1898 Paul-Louis Simond alionyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaokichukua. Hata kwetu Kenya ugonjwa huu ulipiga hodi. Mwaka 1902 tauni ilipotokea Nairobi, soko la Wahindi lilichomwa moto. Siku hizi tauni hutibiwa kwa dawa za hospitali, mgonjwa akifikishwa mapema. Moshi wa Wittenberg haukuwa dawa ya kijidudu kile. Lakini Luther, ingawa hakujua chanzo cha ugonjwa, alijua wajibu wa mtu kwa mwenziwe, na wajibu huo haujabadilika.

Sasa turudi kwa mama yetu na hodi yake jioni ile. Na tuseme mtoto wake ana surua. Ugonjwa huu huenea kwa kukohoa na kupiga chafya, na huambukiza sana. Mtoto huanza kuwaambukiza wengine kama siku nne kabla vipele havijaonekana, na huendelea mpaka kama siku nne baadaye. Kwa sababu hiyo si vema kuwapeleka ndugu zake kwa nyanya mara tu vipele vinapotokea, hasa kama hawajachanjwa. Huenda wamekwisha kuupata, nao wataupeleka kijiji kizima. Na afadhali anayemtunza mgonjwa awe mtu aliyekwisha kuugua surua au aliyechanjwa.

Mama amlaze mgonjwa mahali pake penye hewa safi, anawe mikono, na kikombe cha mgonjwa kisitumiwe na wengine. Ampe vinywaji mara kwa mara, na anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Hans alivushwa kwa vinywaji siku asizoweza kula. Lakini mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akipumua kwa shida au haraka mno, au akilegea asiamke, hapo nyumba haitoshi tena. Apelekwe kituo cha afya upesi, na wahudumu waambiwe mapema kwamba ugonjwa ni wa kuambukiza, wapate kumtenga na watoto wengine. Hapa Kenya chanjo ya surua hutolewa kwa mtoto wa miezi 9 na tena wa miezi 18. Mzazi asingoje jirani augue ndipo akumbuke kadi ya kliniki.

Na mlango je? Somo letu la leo latusaidia. Bwana Yesu alipofika nyumbani kwa Yairo aliukuta umati ukilia na kupiga kelele. Aliwatoa wote nje, akaingia kwa yule binti pamoja na baba na mama yake na wanafunzi watatu tu. Hakufanya hivyo kwa kuogopa maambukizo, lakini twaona kwamba hakuhesabu upendo kwa wingi wa watu chumbani. Na mtoto alipoamka, aliagiza neno moja la nyumbani kabisa: apewe chakula.

Basi mama, ufunge mlango bila haya. Waambie watu ukweli juu ya ugonjwa ulioko ndani. Kusema hivyo ni kuwapenda watoto wao. Nanyi mliopiga hodi, msiudhike, wala msirudi nyumbani mkidhani kazi yenu imekwisha. Ombeni mkiwa nje, Mungu atasikia. Kisha mtungi uliojaa maji uachwe mlangoni. Sufuria ya uji iachwe penye ngazi. Mmoja achanje kuni, mwingine aende dukani, mwingine ambaye amekwisha kuugua surua au amechanjwa aingie usiku mmoja amshikie mtoto, ili mama apate usingizi. Akina mama wa kanisa wapangiane siku. Baba, nawe uliye kazini mbali, tuma fedha mapema, na ukiweza kupata ruhusa, njoo. Luther hakumwachia Katharina nyumba ile peke yake.

Nawaachia swali hili. Katika mtaa wako juma hili, ni nyumba gani yenye mtoto mgonjwa, na ni nani aliyemchotea maji mama yake? Kama humjui aliyefanya hivyo, huenda kazi hiyo yakungoja wewe.

Na tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, uwakumbuke wazazi wanaokesha usiku huu kando ya watoto wagonjwa. Uwape hekima ya kufunga mlango inapofaa, na majirani wasiowasahau. Uwaponye watoto wao, na wale uliowachukua uwafariji waliobaki. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Kwaherini, wapendwa, mpaka tutakapokutana tena. Mungu awabariki.